NJIA MBILI ZILIMSHINDA FISI, LEVANDI JE?

Wiki hii naomba mvae makoti, tena yale mazito ya mtumba ambayo mtu hujiuliza yaliletwa Dar kufanya nini, maana tunakwenda kwenye baridi ya kufa mtu.

Naanza na swali. Nani asiyeijua Cool Runnings? Ile sinema ya 1993 ya Wajamaika waliokwenda kushindana kwa kigari cha barafu, ilizunguka kwenye vibanda vya video mpaka kanda ikachoka, picha ikawa inatetemeka kama ina malaria. Michezo yenyewe ilikuwa Olimpiki ya majira ya baridi, Calgary, Kanada, Februari 1988. Mji huo huo, mwezi huo huo, alikuwepo na Mwingereza mmoja mwenye miwani minene kama kitako cha chupa, Michael Edwards, wenyewe walimbatiza Eddie the Eagle, yaani Eddie Tai. Bwana huyu aliingia mashindano mawili ya kuruka na skii, na yote mawili akashika mkia. Wa mwisho kabisa! Basi dunia nzima ikampenda, akaitwa kwenye televisheni huku na huku, na mwaka 2016 akatengenezewa sinema yake.

Sasa swali la pili. Nani anamjua Allar Levandi?

Kimya. Nilijua.

Huyu naye alikuwa Calgary 1988, naye aliruka, na hakuwa wa mwisho. Aliondoka na medali ya shaba. Sinema hana. Mimi nilipolikuta jina lake niliona hii haiwezi kupita hivi hivi, wa mwisho tunamjua kwa jina na kwa miwani, wa tatu hatumjui hata kwa kivuli. Na ukiifuatilia hadithi yake utakuta ni tamu kuliko ya Tai, halafu ina mapenzi ndani yake. Tulieni, mapenzi yanakuja.

Levandi alizaliwa Tallinn, mji mkuu wa Estonia, tarehe 31 Desemba 1965. Mkesha wa Mwaka Mpya, kwa hiyo kila mwaka fataki anapigiwa bure. Estonia ni kinchi kidogo kaskazini mwa Ulaya, pembeni ya bahari ya Baltiki, watu wake wote ni kama milioni 1.3. Dar es Salaam peke yake kwa sensa ya 2022 ina zaidi ya milioni 5. Halafu ni nchi tambarare! Kilele chao kirefu kuliko vyote kinaitwa Suur Munamägi, maana yake Mlima Mkubwa wa Yai, na urefu wake ni mita 318. Sisi wenye Kilimanjaro ya mita 5,895 tunaruhusiwa kutabasamu kidogo. Lakini theluji wanayo, na pale Otepää, mji ambao wenyewe wanauita makao makuu ya majira ya baridi, wamejenga mteremko wa kurukia. Mlima usipokuwepo, unajengewa mnara.

Sasa mchezo wenyewe. Kuna watu wanaoruka na skii: anateremka kwenye mteremko mrefu kwa mwendo kama wa kilomita 90 kwa saa, akifika ukingoni anajirusha hewani, analala juu ya skii zake kama mtu aliyelala juu ya upepo, anatua chini huko mbali mguu mmoja mbele mmoja nyuma. Waamuzi watano wanampa pointi za staili, ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, zinazobaki zinajumlishwa na za umbali. Kuna na watu wengine, hao ni wakimbiaji wa skii. Hawa hawaruki popote. Wanasukuma tu, kilomita kumi na tano, thelathini, hamsini, kupanda na kushuka msituni, mate yanaganda kwenye ndevu.

Halafu kuna vichaa wa tatu, ambao wanafanya yote mawili. Mchezo wao unaitwa mchanganyiko wa Nodiki, na upo kwenye Olimpiki ya baridi tangu ile ya kwanza kabisa, Chamonix, Ufaransa, 1924. Unaruka kwanza. Halafu unavaa skii nyingine, nyembamba, unakimbia. Levandi alikuwa kichaa wa namna hiyo.

Hapa najua bibi zenu wameshatikisa kichwa. Njia mbili zilimshinda fisi! Alisikia harufu ya nyama huku na huku, mguu mmoja ukaenda kulia, mwingine kushoto, akapasuka msamba. Sisi tumekua tukichapwa na methali hiyo. Unauza mitumba asubuhi na jioni unapiga gitaa? Utapasuka. Unasoma uhasibu na huku unataka kucheza mpira? Utapasuka. Na kwenye mchezo huu methali ina haki zake, wala sitanii. Mrukaji anatakiwa awe mwepesi kama unyoya. Kila kilo inayozidi inamvuta chini, ndiyo maana warukaji walikonda mpaka wakuu wa mchezo wakashtuka, na tangu msimu wa 2004/05 ukiwa mwembamba kupita kiasi unapewa skii fupi, uone kama hizo mbavu bado zitakusaidia. Mkimbiaji naye anataka mapafu, mapaja, mabega, na anataka kula. Anayefanya vyote viwili mwili wake ni kesi isiyokwisha. Ukimlisha mkimbiaji, mrukaji analia. Ukimnyima mrukaji, mkimbiaji anazimia kilomita ya tisa.

Kwa hiyo siku zote watu hawa wanazidiwa na mabingwa wa upande mmoja. Akiruka, wapo wanaoruka zaidi yake. Calgary hiyo hiyo alikuwepo Mfini Matti Nykänen, aliyezoa dhahabu zote tatu za kuruka. Akikimbia, wapo wanaokimbia zaidi. Lakini mpe Nykänen kilomita kumi na tano uone!

Zamani hesabu za mchezo huu zilikuwa za kuumiza kichwa. Unaruka, unakimbia, halafu wazee wanakaa na karatasi wanageuza dakika kuwa pointi, wanajumlisha, na mtazamaji yuko pale kwenye baridi hajui kashinda nani. Ni kama mechi ya Simba na Yanga inaisha halafu unaambiwa subiri mhasibu. Akaja Mnorwe mmoja, Gunder Gundersen, akapindua hesabu. Pointi za kuruka zigeuzwe kuwa sekunde. Aliyeruka vizuri kuliko wote anaondoka wa kwanza, wa pili anafuata kwa sekunde alizoachwa, na wa tatu, na wa nne. Baada ya hapo ni kufukuzana tu. Anayevuka mstari wa kwanza ndiye bingwa, hata mtoto anaelewa. Kwa Olimpiki, shindano la mtu mmoja mmoja lilichezwa kwa mtindo huo kwa mara ya kwanza Calgary 1988. Levandi na wenzake ndio walioufungulia mlango.

Basi bwana, Calgary upepo ulikuwa mkorofi. Kule kuna upepo wa joto unaoshuka kutoka milimani, wenyeji wanauita Chinook, ukaharibu ratiba za kuruka na mkosi ukawapata wengi. Walipofanikiwa kuruka, Mwaustria Klaus Sulzenbacher ndiye aliyetangulia. Mswisi Hippolyt Kempf alikuwa nyuma yake kwa zaidi ya dakika moja. Dakika moja kwenye skii ni mbali, unamwona mwenzako anakata kona ya mbele halafu humwoni tena. Kempf akafukuza. Kilomita kumi na tano anafukuza mgongo ambao mara upo, mara haupo. Akamkamata, akampita, akashinda kwa sekunde kama 19. Sulzenbacher fedha. Nyuma yao, kijana wa Tallinn mwenye miaka 22 akavuka mstari wa tatu.

Shaba. Kwenye mchezo ambao wenyewe Wanorwe wanaona ni wa kwao tangu babu zao.

Hebu sasa tumwangalie vizuri huyo kijana pale jukwaani. Kifuani kwake hapakuandikwa Estonia. Paliandikwa CCCP, zile herufi za Kirusi za Muungano wa Kisovieti. Estonia ilikuwa nchi huru tangu 1918, ikamezwa na Sovieti mwaka 1940, na bendera yake ya bluu, nyeusi na nyeupe ilikuwa haramu, ukiipeperusha unatafuta balaa. Kwa hiyo iliyopandishwa kwa ajili ya Levandi ni nyekundu yenye nyundo na mundu. Sovieti waliondoka Calgary na medali 29, za shaba zikiwa 9. Moja ya hizo tisa ni ya Levandi, na ndiyo pekee waliyopata kwenye mchanganyiko wa Nodiki. Mpaka leo kwenye vitabu vya Olimpiki imeandikwa huko, kwenye ukurasa wa nchi ambayo haipo tena.

Mimi hapo ndipo paliponigusa. Hii ni njia panda nyingine, na hii hakuichagua yeye. Mtu ameruka kwa miguu yake, amekimbia kwa mapafu yake, jina lake la Kiestonia, na shaba inaandikwa kwa mwingine. Watu wa kwao walijua ni yao. Walikuwa wamezoea. Mwaka 1964 kule Innsbruck Mwestonia Ants Antson alishinda dhahabu ya kuteleza kwa kasi kwenye barafu, mita 1,500, nayo ikaandikwa ya Sovieti. Ukiwauliza Waestonia medali hizo ni za nani, hawachukui muda kukujibu. Ukikiuliza kitabu, nacho hakichukui muda, ila jibu lake ni jingine.

Haya, mapenzi. Nilisema yanakuja.

Calgary hiyo hiyo, kwenye timu hiyo hiyo ya Sovieti, alikuwepo binti wa Moscow anaitwa Anna Kondrashova. Huyu alikuwa wa barafu, kuteleza kwa madaha na muziki. Hakuwa mtu wa mchezo mchezo, mwaka 1984 alikuwa wa pili duniani, nyuma ya yule Mjerumani Katarina Witt aliyekuwa akiwachanganya watu akili. Calgary Anna alimaliza wa nane. Medali hakupata, lakini baadaye alimpata, au alipatikana na, kijana wa shaba. Wakaoana. Anna akaacha jina la Kondrashova, akawa Anna Levandi, akafungasha akahamia Tallinn.

Msipite haraka hapo. Hebu tazameni majira. Mwaka huo huo wa 1988 Waestonia walianza kukusanyika usiku kwa maelfu kwenye uwanja wa nyimbo pale Tallinn, wanaimba nyimbo zilizokatazwa. Wenyewe wanayaita Mapinduzi ya Kuimba. Tarehe 24 Februari 1989 bendera yao ikapanda tena kwenye mnara wa Pikk Hermann. Tarehe 23 Agosti 1989 watu kama milioni mbili wa Estonia, Latvia na Lithuania walishikana mikono wakatengeneza mnyororo wa zaidi ya kilomita 600 kupita nchi zote tatu. Watu wanataka Moscow iondoke, na nyumbani kwa Levandi anaingia bibi harusi kutoka Moscow! Ukitaka kujua upendo wa kweli usitazame kadi zenye maua, tazama mtu aliyehama wakati huo.

Na hakwenda kukaa jikoni tu kuangalia dirisha. Akawa kocha, akawafundisha watoto wa Estonia kuteleza, miongoni mwao Elena Glebova, ambaye aliiwakilisha Estonia kwenye Olimpiki zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ukipiga hesabu, Moscow ilipata shaba ya Levandi, na Tallinn ikapata kocha. Mimi naona Tallinn ndiyo iliyolamba dume.

Estonia ikajitangazia uhuru wake upya tarehe 20 Agosti 1991. Miezi sita tu baadaye, Februari 1992, Olimpiki ya Albertville, Ufaransa. Waestonia waliingia uwanjani na bendera yao wenyewe kwa mara ya kwanza tangu 1936. Levandi alikuwepo, safari hii kwa jina la kwao. Ingekuwa sinema, hapo ndipo angeshinda dhahabu, muziki ukapanda, wenye mahaba wakalia. Haikuwa sinema. Hakupata medali. Wafaransa Fabrice Guy na Sylvain Guillaume walichukua ya kwanza na ya pili nyumbani kwao, na mzee wetu Sulzenbacher akawa wa tatu.

Na mchezo wenyewe ulikuwa umegeuka chini ya miguu yake. Calgary karibu wote waliruka na skii zimelala sambamba, kama reli. Lakini Mswidi mmoja, Jan Boklöv, alikuwa ameanza kuruka ametawanya ncha za skii, umbo la V, kama chura. Waamuzi walimkata pointi za staili, watu wakamcheka, yeye akaenda mbali tu. Msimu wa 1988/89 akatwaa Kombe la Dunia, na kicheko kikaisha. Kufika 1992 asiyeruka kwa V alikuwa kama mtu anayeleta kanda ya kaseti kwenye duka la sidii. Fikiria umejifunza kuruka tangu mtoto, mwili umeshika, halafu katikati ya safari unaambiwa anza upya, tena uko hewani. Wajapani waliishika V mapema na wakachukua dhahabu ya timu ya mchanganyiko Albertville, wakairudia Lillehammer, Norwei, 1994. Levandi alikwenda na Lillehammer pia. Medali ikabaki ile ile moja.

Nidokeze na hili maana silali bila kulisema. Kiangazi cha 1992, Barcelona, mwendesha baiskeli wa Estonia, Erika Salumäe, alishinda dhahabu. Alikuwa ameshaishinda Seoul 1988 kwa jina la Sovieti, sasa anaishinda kwa jina la kwao. Watu wameingoja siku hiyo miaka mingapi? Bendera ikapandishwa, bluu, nyeusi, nyeupe... kichwa chini miguu juu! Wameigeuza! Nasikia hasira na kicheko kwa pamoja kila nikiifikiria.

Ya majira ya baridi ilibidi wasubiri zaidi. Mpaka Salt Lake City, Marekani, 2002, ndipo Estonia ilipoandika medali zake za kwanza za baridi kwa jina lake. Andrus Veerpalu dhahabu na fedha, Jaak Mae shaba, wote wa kukimbia. Wa njia moja hao, fisi angefurahi.

Njia ya mchanganyiko nayo haikufa. Kaarel Nurmsalu, aliyezaliwa 1991, ameshindana katika mchanganyiko na katika kuruka peke yake. Kristjan Ilves alikwenda Olimpiki ya Sochi 2014 akiwa na miaka 17, na baadaye amefika jukwaani kwenye Kombe la Dunia. Dada zao ndio wenye kilio. Huu ni mchezo ambao wanawake wanaucheza, Kombe lao la Dunia lipo, lakini Juni 2022 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa kuwaingiza kwenye Michezo ya 2026. Wanaume ndani, wanawake nje. Akina dada wanaonisoma, najua mmeshakunja ngumi, na mimi nimekunja na nyie.

Kuna atakayesema theluji si mambo yetu. Si kweli sana. Nagano, Japani, 1998, Mkenya Philip Boit alikimbia kilomita 10 za skii, akawa wa 92, wa mwisho. Aliyeshinda, Mnorwe Bjørn Dæhlie, aligoma kwenda kuchukua dhahabu mpaka Boit afike, akamkumbatia pale mstarini. Boit akaja akampa mwanawe jina la Dæhlie. Kwa hiyo Kenya yupo Mkalenjin mwenye jina la bingwa wa skii. Naye Boit wa mwisho tunamjua wote. Unaona? Wa mwisho ana bahati.

Levandi yeye alirudi Tallinn na Anna wake. Wamezaa watoto wa kiume, na mmoja wao, Arlet, aliyezaliwa 2005, ni mwanamichezo wa kimataifa wa Estonia. Nilipoanza kusoma habari zake nilitega sikio nijue kachukua lipi la baba, kuruka au kukimbia.

Kachukua viatu vya barafu vya mama. Basi.

Tukutane wiki ijayo, na makoti mnaweza kuvua.